Upanga Uliolala: Uchambuzi wa Kisa cha Upanga wa Sponji

Ukiushika mpini na kuunyosha upanga mbele, nusu ya kwanza ilikaa sawa na nusu ya pili ikaanguka karibu shubiri nzima. Kutoka nchani mshono ulikuwa umeachana, na rangi ya fedha ilikuwa imepasuka ufa baada ya ufa kama tope la bwawa lililokauka. Hivyo ndivyo ulivyofika mezani kwangu, siku chache baada ya kumalizwa na kabla haujavaliwa hata mara moja.

Mwenyewe ni binti wa Tudor, Mombasa, mpenzi wa kosplei, yaani kujivika na kuigiza mhusika wa kubuni. Mhusika wake amemtunga mwenyewe: mlinzi wa kike wa bandari ya majini, mwenye deraya ya magamba na kilemba cheusi, na alikuwa anamwandalia onyesho la Nairobi. Silaha yake imefuata umbo la panga za Kiomani za zamani, zile zenye ubapa mrefu ulionyooka na mpini wa mviringo usio na kikinga mkono. Umbo hilo lina mahali pake katika mji huu. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698 na silaha za aina hiyo zilizunguka pwani yote. Upanga ulikuwa na urefu wa sentimita 112: mpini 20, ubapa 92. Upana wake sentimita 5 karibu na mpini, unene sentimita 2. Sponji ni ya mikeka ya EVA, ile miraba ya rangi yenye meno ambayo watu hutandika sebuleni ili mtoto akianguka asiumie. Alibandika mikeka miwili ya milimita 10 mgongo kwa mgongo, akachonga makali, akapaka.

"Ami, ni joto la gari tu," aliniambia. Upanga ulikuwa umelazwa nyuma ya Probox ya kakake, vioo vimefungwa, jua la saa saba. Kabla yangu alikuwa amemwonyesha fundi mmoja wa mabango, naye akalaumu sponji: mikeka ya watoto si ya kazi hii, aagize sponji maalumu kutoka nje. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Gari lililofungwa juani hapa kwetu si mchezo. Dashibodi yaweza kupita nyuzi 70 za selsiasi, na EVA huanza kulegea kabisa si mbali na hapo. Na sponji ya mikeka kweli ni nyepesi na laini kuliko ile inayouzwa kwa kazi za deraya. Ila hakuna kati ya sababu hizo mbili iliyoeleza jambo moja: mbona upanga umeinamia mahali pamoja?

Joto la gari halichagui. Lingeulegeza ubapa wote, nao ungepinda kwa mkunjo mrefu wa taratibu. Vivyo hivyo sponji mbovu. Huu ulikuwa na kiwiko. Nilipopitisha vidole nilikiona kiko sentimita 45 kutoka kwenye mpini.

Nikaugeuza ili makali yatazame juu badala ya ubapa, nikaunyosha tena. Safari hii ncha ilishuka kidogo tu. Hili ni jaribio la bure ambalo kila mtengenezaji angefaa alifanye mapema. Kitu kirefu kinavyokataa kupinda hutegemea mchemraba wa kina chake katika upande kinaopindiwa, na upana wake mara moja tu. Kwa kipande cha 5 kwa 2, hesabu inatoa ugumu wa zaidi ya mara sita kikisimama kwa makali kuliko kikilala kwa ubapa. Sponji basi haikuwa imekufa. Ilikuwa inaombwa kujibeba upande ambao haiwezi, na mahali fulani ndani msaada ulikuwa umekatika.

Nilimwomba ruhusa ya kuupasua. Alisita, kisha akaupasua mwenyewe.

Ndani mlikuwa na bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 20, ambalo karibu kila mtu huanza nalo kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi na ni rahisi. Bomba la milimita 20 ndani ya ubapa wa milimita 20 halifichiki. Alilijua hilo, kwa hiyo karibu na mpini alibandika ukanda wa sponji juu yake, ukatokea kama mgongo wa upanga, kazi nzuri kwa macho. Lakini ubapa ulipoanza kuwa mwembamba mgongo ule usingependeza, akaukomesha, na bomba akalikomesha papo hapo. Kutoka pale hadi nchani, sentimita 47, upanga ulikuwa sponji tupu.

Swali lililobaki ndilo lililonivutia zaidi. Ikiwa mfupa ulikuwa umekatika tangu mwanzo, mbona upanga haukulala tangu mwanzo? Binti ana picha zake akiwa ameuinua, umenyooka kabisa. Jibu lilikuwa kwenye nyufa. Alikuwa amepaka rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya milango na madirisha, mipako kadhaa minene. Rangi ya mafuta ikikauka huwa ganda gumu. Ganda jembamba pande zote mbili za sponji nene ni muundo wenye nguvu ajabu. Milango ya mbao iliyo tupu ndani hujengwa kwa kanuni hiyohiyo, karatasi mbili ngumu zikitenganishwa na kitu chepesi. Rangi ilikuwa inafanya kazi ya mfupa, na hakuna aliyeiomba.

Hapo sasa gari linaingia, na linaingia kwa mlango mwingine kabisa na ule aliodhani. EVA ni sponji ya vijumba vilivyofungwa, kila kijumba kimebeba hewa yake. Ikipata moto, hewa hutanuka na sponji hutanuka nayo. Ganda la rangi ya mafuta halitanuki kwa kiasi hicho, likapasuka. Lilipopasuka, upanga ukabaki na mfupa wake halisi, ambao unaishia sentimita 45. Gari lilimwonyesha mapema kitu ambacho onyesho lingemwonyesha mchana, mtu wa kwanza akiuinamisha upanga kupiga naye picha.

Mshono wa nchani ni kisa kidogo cha pembeni. Alitumia gundi ya fundi viatu, ile ya manjano, na kuchagua huko kulikuwa sahihi. Hakuna inayoishinda kwa EVA kwa bei yake. Ila aliibandika kama gundi ya mbao: akapaka upande mmoja, akafunika ikiwa mbichi, akaweka vitabu juu. Gundi hii hupakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kwanza, hadi kidole kikigusa kisitoke na kitu. Ndipo pande mbili zikikutana hushikana papo hapo. Ukifunika mapema, kiyeyushi kinanaswa katikati ya mikeka miwili isiyopitisha hewa, nacho hakina pa kwenda. Tulipofungua bado ilikuwa inavuta nyuzi na kunuka. Ile harufu ndiyo iliyosukuma mshono ndani ya gari.

Nitasema neno kuhusu harufu hiyo kisha niliache. Gundi nyingi za aina hii zina kiyeyushi kiitwacho toluini, na ndiyo hiyohiyo inayowamaliza watoto wa mitaani. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke hata chembe. Kazi ifanyike uani au barazani penye upepo, na si chumbani usiku huku umefunga dirisha kwa sababu ya mbu.

Sasa kuujenga upya. Tulikuwa na vitu vya kuamua kabla ya kukata mkeka mwingine, na cha kwanza ni mfupa gani. Ubao wa plaiwudi wa milimita 6 ungekaa ndani vizuri, lakini ni mzito nchani, na upanga mzito nchani humchosha mtu anayezunguka nao kutwa nzima. Mwanzi ni mwepesi na ni mzuri, ila kila pingili ina tabia yake na mwanzi ulionyooka kweli kweli ni wa kutafuta. Bapa la alumini lingemaliza mjadala kwa ugumu, lakini maonyesho mengi hukagua silaha mlangoni na chuma ndani ya ubapa ndicho kitu cha kwanza wanachokataa, hata kikiwa kimefunikwa vipi. Sikuona sababu ya kumtuma mtoto wa watu Nairobi na kitu cha kubishaniwa mlangoni.

Tulichochukua ni fimbo ya kuvulia samaki ya faiba iliyovunjika, ile ya faiba ngumu isiyo na tundu ndani. Mji wa wavuvi haukosi vipande vya namna hiyo. Shina lake lilikuwa na milimita 9 na linapungua hadi kama 4, yaani limechongwa tayari kwa umbo la ubapa. Mtu akiliona jembamba vile karibu na bomba la milimita 20 atacheka. Lakini faiba ina ukakamavu wa kama mara kumi wa plastiki ya bomba, na ukipiga hesabu pamoja na unene wake, shina lile la milimita 9 linakaribia kulingana na bomba zima la 20. Nalo linazama ndani ya sponji bila kuhitaji mgongo wa kulificha.

Cha pili ni mfupa uishie wapi. Silika ya binti baada ya yaliyompata ilikuwa kuupeleka hadi nchani kabisa. Nilimkatalia. Kitu kinachojibeba chenyewe huinama kwa kadiri ya urefu wake uliozidishwa mara nne kwa wenyewe: ukipunguza nusu sehemu isiyo na mfupa, mwinamo unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Sponji tupu ya sentimita 47 ilianguka shubiri. Ya sentimita 12 haitaonekana kuanguka kabisa. Kwa hiyo sentimita 12 za mwisho tuliziacha laini, maana ncha ndiyo inayomfikia mtu jichoni katika umati. Mwisho wa faiba tuliufunika kwa kipande cha ngozi na tepu, kipana kuliko fimbo yenyewe, ili usije ukatoboa sponji na kuchungulia. Hata hivyo huu ni upanga wa kushika na kupiga picha. Milimita 5 za sponji juu ya fimbo ngumu hazitoshi kumpigia mtu, na wale wanaocheza vita vya kweli kwa silaha za sponji hutumia mfuniko mnene zaidi ya huo.

Faiba ikikatwa hutoa vumbi linalowasha ngozi na lisilofaa kuvutwa. Tuliikata ikiwa imelowa maji, kwa msumeno wa chuma, na glavu mkononi. Basi.

Ubapa ulichorwa kwenye karatasi ya manila, ukakatwa mara mbili kwenye mkeka kwa kisu chenye wembe mpya. Kuhusu wembe mtu asifanye ubahili. Mikeka ya bei nafuu mara nyingi huchanganywa na unga wa chokaa kupunguza gharama, na unga huo hula makali upesi sana. Wembe uliokwisha hauikati sponji, unairarua. Kila kipande kilichimbwa mfereji wa nusu ya unene wa faiba. Tukapaka gundi mikono miwili, kwa kuwa mkono wa kwanza sponji huunywa, tukasubiri. Hapa Mombasa kuna jambo la ziada ambalo watu wa bara hawalipati sana: kiyeyushi kikipaa hupoza uso wa gundi, na hewa ikiwa nzito kwa unyevu, umande mwembamba hutua juu yake. Gundi inaonekana imekauka lakini haitashika. Tulifanya mchana, feni ikiwa inapuliza upande, baada ya mvua kuisha.

Kufunga mikeka miwili yenye gundi iliyokauka hakuna nafasi ya pili. Tuliweka karatasi ya kuokea katikati, tukapanga ncha mpaka mpini, kisha tukaivuta karatasi kidogo kidogo huku tukibonyeza nyuma yake. Yote juu ya meza tambarare, maana mikeka ikishikana ikiwa imepinda, upanga umepinda maisha.

Makali yalichongwa kwa mvuto mmoja mrefu kila upande, kisha msasa wa 120 na wa 240. Baada ya msasa, blowa ya hewa moto, kama ile ya mafundi simu. Uso wa EVA ukipata moto wa kutosha vijumba vya juu hujifunga na sponji hubadilika kutoka kufifia hadi kung'aa kidogo. Hapo unaondoka, sekunde moja zaidi inatosha kuuchoma. Binti alitaka mstari wa nakshi karibu na mpini. Alichora kwa ncha ya wembe, mikato ya kina kidogo sana, na moto ulipopita mikato ikafunguka yenyewe ikawa mifereji safi. Hiyo sehemu aliifanya vizuri kuliko mimi, kwa mkono usiotetemeka.

Mshono wa pembeni tuliujaza kwa lipu ya akriliki ya nyufa za ukuta. Silikoni halisi haifai hapo kwa sababu rangi haiishiki. Na kuhusu rangi, baada ya yote tuliyoyaona, sharti lilikuwa moja: isiwe ganda. Kila rangi tuliyofikiria tuliipaka kwanza kwenye ukanda wa sponji chakavu, ikakauka, tukauzungushia ukanda ule kwenye chupa ya soda. Iliyopasuka ilitupwa nje. Rangi ya mafuta ilipasuka mara moja. Iliyobaki ni akriliki ya maji, mipako myembamba mingi, nyeusi kwanza. Rangi ya fedha aliiacha kabisa. Badala yake alisaga risasi ya penseli laini ikawa unga, akausugua kwa kitambaa juu ya weusi. Grafiti ikisuguliwa hung'aa kama chuma kilichotumika, na kwa maoni yangu inaipita rangi yoyote ya kopo. Vanishi ya akriliki juu yake ilipunguza mng'ao kidogo, ila bila hiyo kila anayeushika angeondoka na viganja vyeusi.

Uzito wa mwisho ulitufurahisha sote. Ubapa wa ukubwa ule ni kama sentimita 1000 za ujazo, na sponji ya aina hii ina uzito wa takribani gramu 100 kwa ujazo huo. Ukiongeza faiba, mpini na rangi, bado uko mbali na kilo moja ya upanga wa chuma.

Sehemu iliyotutaabisha ni mpini. Safari ya Nairobi ilikuwa ya treni, na ukaguzi wa kituo cha Miritini ni mkali: mizigo hupangwa mstari, mbwa hupita, kisha mashine. Upanga unaofanana na chuma katika mstari ule unaita maswali. Binti alitaka uweze kuchomoka ili ukichomoka sponji ionekane. Panga nyingine zingeuficha mwungano kwenye kikinga mkono, lakini umbo la Kiomani halina hicho; ubapa unaingia kwenye mpini na kila kitu kiko wazi. Tulivisha shingo ya ubapa pete ya sponji ya milimita 2, ndani ya mpini tukaweka bomba jembamba lililovishwa ngozi, na shina la faiba likaingia sentimita 15 na kufungwa na kijiti cha mbao kinachopita katikati. Kitako cha ubapa kiliachwa bila rangi, na rangi ya waridi ya mkeka wa mtoto inaonekana pale. Mlinzi wa kituo alikibonyeza kwa kidole gumba, akaupitisha.

Huko Nairobi upanga ulikaa umenyooka. Na ulifanya kitu ambacho hatukuupangia. Wachezaji wa razha, ngoma ya panga ya kule Oman, hutikisa kifundo cha mkono na chuma chembamba hutetema chote kisha kikatulia. Lile bomba la plastiki lisingefanya hivyo kamwe. Faiba ya fimbo ya samaki imezaliwa kwa kupinda na kurudi, na binti alipotikisa, ubapa ulitetema. Nimeona video, deraya sikuiangalia hata kidogo.

Kisichofanya kazi ni kijiti. Shina la mviringo ndani ya tundu la mviringo halina kitu cha kulizuia lisizunguke isipokuwa kijiti hicho, na kila anapougeuza ubapa kwa nguvu ndicho kinachobeba msokoto wote. Kilivunjika alasiri, akafunga kwa tepu chini ya mkanda wa ngozi na kuendelea. Shina limesharudi kwangu. Nitalipiga tupa pande mbili liwe bapa kwa sentimita zile 15, na tundu nalijaza upya kwa faiba ya maji, ile inayomiminwa kisha ikaganda, kulizunguka, nikiwa nimelipaka shina nta ili lisigande humo.